Barua kwa vijana wetu wa uinjilisti

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Jumamosi ilikuwa siku ya kwenda nyumba kwa nyumba. Saa saba mchana niliwakuta bado ukumbini, mnarushiana aya. Hawa wanasema mwisho wa yote Mungu ataokoa kila mtu, kwa hiyo kuhubiri ni kuwasumbua watu. Wale wanawaita wenzao wazushi. Maboksi ya trakti, vile vijikaratasi vya Injili, chini ya meza, kamba hazijafunguliwa! Bibi mgonjwa wa nyuma ya soko, wa kwanza kwenye orodha yenu, hakumwona hata mmoja wenu. Nilipofika jioni, jirani yake Mwislamu alikuwa anamnywesha uji. Iliniuma sana.

Swali lenyewe ni la zamani, na kuliuliza si dhambi. Katika karne ya 3 Origen wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa, alitumaini kwamba viumbe vyote vitarejeshwa kwa Mungu. Askofu Gregori wa Nyssa naye alitumaini hivyo, na anaheshimiwa kama mtakatifu. Mwaka 553 Mtaguso wa Pili wa Konstantinopoli, mkutano mkuu wa maaskofu, ulimhesabu Origen kati ya wazushi. Lakini Origen huyohuyo alihubiri miaka mingi, na katika mateso ya Kaisari Decius akafungwa na kuteswa kwa kumkiri Kristo. Tumaini lake halikumkalisha kitako. Ninyi lenu limewakalishaje?

Na ninyi mlioishika Mathayo 25:46, ile aya ya adhabu ya milele, kama fimbo, someni sura yote. Wanaohukumiwa humo walihukumiwa kwa kuwapita wenye njaa, wagonjwa na wafungwa.

Mimi naamini mtu anaweza kumkataa Mungu mpaka mwisho, na hilo linanitisha. Ndiyo maana namwombea kila mtu. Paulo anasema Mungu anataka watu wote waokolewe. Paulo huyohuyo anauliza watasikiaje pasipo mhubiri. Yote mawili aliyabeba, akasafiri nayo.

Makanisa yetu nayo yana lawama. Mwenye maneno mengi hupewa kipaza sauti. Anayefua mashuka ya mgonjwa hatajwi hata kwenye matangazo.

Msiwatishe watoto kwa moto. Msibishane msibani. Mkikaribishwa nyumba ya Mwislamu, ingieni kwa adabu, salimieni wakubwa kwanza.

Mwenye hoja iliyobaki ailete Jumatano baada ya somo la Biblia, nitakaa naye mpaka usiku. Jumamosi ni ya kazi.

Mzee wenu wa kanisa