Kwa nini timu inamiliki mpira mazoezini na kuupoteza kwenye mechi

Makocha wengi wanaotutafuta tuwaandalie mazoezi ya timu zao huanza na lalamiko hilohilo. Mazoezini vijana wanapasiana mpaka raha, pasi kumi, pasi kumi na tano, mpira hautoki miguuni mwao. Ikifika siku ya mechi, pasi ya tatu tu mpira uko kwa mpinzani, na beki anaanza kubutua mbele bila kuangalia. Mwalimu anabaki akijiuliza yale mazoezi yote yameenda wapi.

Tukiomba kuoneshwa zoezi lenyewe, mara nyingi tunakuta koni nne chini, timu mbili ndani, na sheria moja: pasi kumi ni pointi. Zoezi hilo lina kazi yake. Linachangamsha mwili na linawazoesha wachezaji kusaidiana. Lakini halina lango la kushambulia wala la kulinda, kwa hiyo mchezaji anajifunza kwamba pasi yoyote isiyopotea ni pasi nzuri. Anakimbilia pembeni palipo wazi, anarudisha mpira, anakimbilia pembe nyingine. Kwenye mechi mpinzani hamfuati huko pembeni. Anamsubiri katikati, kwenye njia ya kwenda langoni, na hapo ndipo mpira unapoporwa.

Ndiyo maana jambo la kwanza tunalobadilisha kwenye timu tunazozihudumia ni kuupa umiliki mwelekeo. Mpira uwe unatoka mahali fulani kwenda mahali fulani. Mengine yote, idadi ya watu, ukubwa wa eneo, idadi ya miguso, yanafuata baada ya hapo.

Faida ya kucheza kwa makundi madogo haina ubishi. Katika mechi kamili mpira ni mmoja na watu ni 22, na winga anaweza kukaa dakika kadhaa bila kuugusa. Ukiwaweka wanne kwa wanne, kila mmoja anaamua jambo kila baada ya sekunde chache: nipokee wapi, nigeuke au nirudishe, nimkabe nani. Johan Cruyff alipoanza kuifundisha Barcelona mwaka 1988, rondo, ile duara ya kupasiana huku wenzako wakiwekwa mtu kati, ilikuwa sehemu ya mazoezi ya kila siku. Pep Guardiola, aliyekuwa kiungo wake, akaiendeleza alipokuja kuwa kocha wa klabu hiyohiyo mwaka 2008. Wengi waliiga ile duara wakaishia hapo. Kilichofuata baada ya duara, yaani michezo midogo ambayo kila mtu amesimama kwenye nafasi inayofanana na nafasi yake ya mechi, hakikuigwa sana, na ndicho chenye thamani kubwa zaidi.

Tuanze na ukubwa wa eneo, maana hapo ndipo mazoezi mengi yanapoharibika kabla filimbi haijapulizwa. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Gawanya kwa wachezaji 22, kila mmoja anapata kama mita za mraba 325. Sasa chora eneo la mita 20 kwa 20 na uweke wanane: kila mmoja ana mita za mraba 50 tu. Hapo hakuna muda. Mpira ukifika, mtu wa kukaba naye kashafika. Ni eneo zuri kwa kufundisha mguso wa kwanza na uamuzi wa haraka, lakini miguu inachoka kwa kusimama ghafla na kugeuka, na hakuna anayepata nafasi ya kukimbia kwa kasi kamili. Ukilipanua, mbio zinaongezeka, pasi zinarefuka, na presha inapungua. Hakuna kipimo kimoja kilicho sahihi. Kuna kipimo kinachofaa somo la siku hiyo.

Tunachowaambia makocha ni kwamba watazame dakika mbili za kwanza wakiwa kimya. Kama timu yenye mpira inaupoteza kila mara kwenye pasi ya pili, sogeza koni nje hatua mbili tatu. Kama wanaokaba wanazunguka bila hata kuugusa, sogeza ndani. Koni zikishawekwa si lazima zibaki palepale hadi mwisho wa zoezi.

Zoezi tunalolipendekeza kuliko yote kwa timu yenye wachezaji wanaojua kupokea na kutoa ni la wanne kwa wanne na watatu huru. Chora mstatili wa takriban mita 24 kwa 16. Timu yenye mpira inasimama kwenye pande mbili ndefu, wawili huku na wawili kule. Wanne wa timu nyingine wako ndani, wanakaba. Wale watatu huru, wanaocheza na timu yoyote yenye mpira, mmoja anasimama upande mfupi wa chini, mmoja upande mfupi wa juu, na wa tatu katikati kabisa, miongoni mwa wanaokaba. Kwa hiyo ni saba kwa wanne. Mpira ukiporwa, walioupora wanatawanyika haraka kwenda pembeni, na walioupoteza wanaingia ndani kukaba.

Mtazame yule wa katikati. Huyo ndiye kiungo wako wa ulinzi siku ya mechi. Mpira uko kwa mchezaji huru wa chini, na mtu wa kukaba amesimama kati yao ameziba njia. Wachezaji wengi hapo hunyanyua mkono na kuita mpira usioweza kuwafikia. Aliyefundishwa vizuri anasogea hatua mbili kando, anageuza shingo kuangalia nyuma ya bega lake, kisha anasubiri. Pasi inaenda kwa mwenzake wa pembeni, na huyo kwa mguso mmoja anampa yule wa katikati, ambaye sasa amesimama kiubavu na anaziona pande zote mbili za mstatili. Anapokea kwa mguu ulio mbali na mkabaji na kuupeleka mpira kwa mchezaji huru wa juu. Pasi tatu, na mstari mzima wa wakabaji umevukwa. Yule wa katikati hakufikiwa moja kwa moja. Amefikiwa kupitia mtu wa tatu. Somo hilo likieleweka ndani ya mstatili, utaliona uwanjani bila kupiga kelele.

Sasa ongeza mwelekeo. Usihesabu pasi. Pointi inapatikana pale tu mpira unapotoka kwa mchezaji huru wa chini na kumfikia wa juu, au kinyume chake. Kwa sheria hiyo moja, tabia ya kuupigapiga mpira pembeni inakwisha yenyewe kwa sababu haina malipo. Wanaokaba nao wanajifunza kuziba katikati badala ya kuukimbilia mpira kila unapokwenda. Zoezi likishakaa sawa, weka magoli mawili madogo nje ya mstatili: timu ikipora mpira ina sekunde tano kufunga, na walioupoteza wana sekunde hizohizo kuuzuia. Hapo umefundisha kumiliki, kupoteza, na kurejea kwenye ulinzi ndani ya mchezo mmoja.

Kuhusu kuwawekea wachezaji kikomo cha miguso, msimamo wetu ni mkali kidogo. Sheria ya mguso mmoja kwa kila mtu inatumika kupita kiasi. Inafanya mazoezi yaonekane ya kasi, lakini mchezaji anazoea kuuondoa mpira mguuni hata pale ambapo jambo sahihi lilikuwa kugeuka nao au kumvuta mkabaji kwanza. Tunapenda zaidi kuwabana wale huru peke yao kwa miguso miwili, na wengine waachwe waamue wenyewe. Mchezaji anayejua lini autulize mpira ana faida kubwa kuliko anayejua kuuharakisha tu.

Golikipa asiachwe akidaka mipira peke yake kwenye kona ya uwanja wakati wenzake wakifanya haya. Tangu mwaka 1992 haruhusiwi kuudaka mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake, na tangu 2019 mpira wa goli, ule unaopigwa kuanzisha mchezo kutoka langoni, unaweza kupokelewa na mwenzake ndani ya eneo la hatari lenyewe. Maana yake kipa ni mchezaji wa kwanza wa kujenga mashambulizi. Mweke awe yule huru wa chini. Baada ya wiki chache mabeki wako wataacha kuogopa kumrudishia.

Mizunguko ya dakika tatu hadi nne, kisha mapumziko ya dakika mbili hivi, inawatosha wengi. Uwe na mipira ya akiba pembeni. Mmoja ukitoka, mwingine uingie papo hapo, maana kasi ya zoezi hili hufia pale watu wanaposimama kumsubiri mmoja aliyeufuata mpira. Maelekezo marefu yasubiri mapumziko. Kocha anayepuliza filimbi kila baada ya pasi mbili anawanyima wachezaji kile alichokuja kuwapa. Na siku moja kabla ya mechi, achana na maeneo ya kubana; rondo fupi ya kuchangamsha inatosha, kwani kule kusimama na kugeuka ghafla kunaacha uchovu unaoonekana kesho yake.

Kwa watoto wa chini ya miaka kumi, usianze na haya ya wanne kwa wanne. Anza na watatu wakimweka mmoja mtu kati, eneo liwe pana, miguso isiwe na kikomo, na uwaache wapige chenga wakitaka.

Huduma yetu inaanza kwa kutazama. Tunakuja kwenye mazoezi yenu mara moja, au mnatutumia video ya mechi nzima, hata ya simu, mradi imepigwa kutoka juu kidogo ili nafasi za wachezaji zionekane. Tunaangalia mpira unapotelea sehemu gani ya uwanja na unapotelea kwa nani. Kutokana na hapo tunawaandalia mazoezi ya wiki sita yenye michoro, vipimo vya maeneo na sheria za kila mchezo, na tunakaa na kocha kuyapitia kabla hajayapeleka uwanjani. Hatuuzi kifurushi kimoja kwa kila timu, kwa sababu timu inayopoteza mpira kwa beki wa kati na timu inayoupoteza kwa winga hazina ugonjwa mmoja.

Mkituandikia, tuambieni mna wachezaji wangapi wanaofika mazoezini kwa kawaida, umri wao, mna mipira na vizibao vingapi, na mnapata uwanja mzima au nusu. Kama ni nusu ya uwanja mnaogawana na timu nyingine, semeni hivyo bila wasiwasi. Mazoezi mengi tuliyoyaeleza hapa yanaingia ndani ya nafasi hiyo.