Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa jukwaa na daftari la fedha

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba kikundi kimekupa mhusika mkuu, na hofu imenishika kusikia kwamba hesabu pia ni zako. Kuna mtu aliyebeba mizigo hiyo miwili kwa zaidi ya miaka 20 nataka umjue, Henry Irving, mwigizaji na meneja wa ukumbi wa tamthilia London.

Alizaliwa mwaka 1838 huko Somerset, jina lake John Henry Brodribb. Alianza uigizaji wa kulipwa Sunderland mwaka 1856, akazunguka mikoani akicheza mamia ya wahusika. Sifa zilimjia Novemba 1871, alipoigiza tamthilia ya The Bells katika ukumbi wa Lyceum, ambao wakati huo ulikuwa mikononi mwa meneja mwingine, Bateman. Mwaka 1878 akaukodi mwenyewe, na papo hapo akagawa kazi: Ellen Terry apewe wahusika wakuu wa kike, Loveday asimamie jukwaa, na Bram Stoker, yule aliyeandika Dracula, ashike ofisi na fedha. Tamthilia uliyoisoma kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi, aliifungua Novemba 1879 ikachezwa mfululizo kama mara 250.

Kwenye taa ndipo nataka utulie. Alitumia gesi, mistari ya miali ukingoni mwa jukwaa na mingine juu. Mabomba aliyagawa vipande vipande, kila kipande na koki yake, ili upande mmoja ufifie huku mwingine ukiwaka. Kisha akawatia watazamaji gizani wakati wa mchezo, jambo ambalo halikuwa desturi, na macho yote yakaenda jukwaani. Kummulika mtu mmoja alitumia taa ya chokaa: kipande cha chokaa kinachomwa kwa mwali wa oksijeni na haidrojeni mpaka king'ae. Kila taa ilihitaji mtu wake. Chokaa ikipashwa moto kwa pupa hupasuka. Isipozungushwa kidogo kidogo, mwali huichimba shimo, mwanga ukafifia, na joto likirudi nyuma laweza kupasua lenzi. Umeme ulipofungwa Lyceum, Terry aliona nyuso zimeharibika, akamsihi arudishe gesi, naye akairudisha. Nakubaliana na Terry kabisa. Taa kali ya mbele hufuta uso ulioupaka rangi kwa saa nzima.

Hata hivyo umeme hakuukataa ulipomfaa. Katika tamthilia ya Faust ya mwaka 1885 panga zilitoa cheche zikigongana. Sahani mbili za chuma zilifungwa sakafuni, kila mpiganaji akakanyaga yake kwa buti la kulia. Waya ukapanda ndani ya nguo hadi kwenye glavu ya mpira yenye kipande cha chuma kiganjani, ambacho upanga ulikigusa. Bila ule mpira, umeme ungepita mkononi. Na mguu ukikosa sahani, hakuna cheche.

Sasa fedha. Desemba 1896, baada ya usiku wa kwanza wa tamthilia ya Richard III, aliumia goti ngazini. Watu walikuwa wakilipa ili wamwone yeye, kwa hiyo kwa wiki kadhaa mapato yakaanguka, ilhali mishahara na kodi ya ukumbi havikupungua. Februari 1898 ghala lake la mandhari, yaani michoro ya kupamba jukwaa, huko Southwark likaungua: mandhari ya tamthilia 44, yote mahali pamoja. Muda mfupi kabla, ili kuokoa ada, bima ilikuwa imeshushwa kutoka pauni 10,000 hadi 6,000, nayo haikukaribia gharama ya kuyachora upya. Mwaka huohuo akaugua mapafu. Mwaka 1899 Lyceum ikapita kwa kampuni, na mwaka 1902 kampuni ikashindwa kulipia marekebisho ya kinga ya moto yaliyotakiwa na baraza la jiji. Onyesho lake la mwisho humo lilikuwa lilelile la Venisi. Alifariki Bradford tarehe 13 Oktoba 1905, akiwa ziarani, muda mfupi tu baada ya kushuka jukwaani.

Kabla hujasaini karatasi ya ukumbi, niandikie mambo matatu: taa ngapi zina swichi yake peke yake, maleba yatalala wapi usiku, na nani amejifunza maneno yako endapo utaugua.

Mama yako