Shukrani kwa mama wa feri ya Likoni

Mama uliyesimama kando yangu kwenye feri ya Likoni Jumamosi jioni, sikukuuliza jina. Uliniona nimekumbatia kikapu cha ukili, ndani paka analia, ukaniuliza, "Huyo katoka kwa daktari, mwanangu?" Nikakwambia ndiyo, nilimwokota sokoni Kongowea, leo kafungwa kizazi, nami sijawahi kufuga hata kuku.

Ukanielekeza pale pale, feri haijafika ng'ambo. Nimweke chumba kimoja chenye utulivu, mchanga wake wa kujisaidia uwe mbali na chakula. Nisimwogeshe mpaka mshono upone, siku 10 hadi 14. Halafu ukanishika mkono kabisa: "Panadol usimpe, hata nusu. Inaua paka." Mama, pakiti ilikuwa mkobani! Nilishapanga kumsagia robo.

Siku mbili hakutoka chini ya kitanda. Nikafanya ulivyosema: nikaketi sakafuni bila kumvuta, nikamwachia kanga niliyoshinda nayo aizoee harufu yangu. Usiku wa tatu nikasikia ulimi unakwaruza sahani. Dagaa wote kwisha! Ile kola ya plastiki ya shingoni, ya kumzuia asilambe mshono, anaichukia, anagonga nayo kila mguu wa meza, lakini mshono umekauka, haujavimba wala hauna usaha.

Sasa analala juu ya miguu yangu, hata kwenda kuepua chai naona vibaya kumwamsha. Ahsante sana, mama. Ukiniona tena kivukoni nishike bega. Nina deni lako la mahamri.