Kinyama hakikutosha

Shoga yangu,

Salamu tele, mengine tutaamkiana tukionana, maana nataka niliseme hili kabla sijajirudi. Ukimya wangu usiuite kiburi. Ile picha niliyokwenda kupiga kwa ajili ya mgongo tu imeonyesha uvimbe kwenye mkia wa kongosho. Usianze kulia, bado nipo.

Ikabidi kichukuliwe kinyama cha huo uvimbe kikapimwe kama ni saratani. Kumbe kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, karibu liegemee uti wa mgongo. Basi nikalazwa kwenye mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, sijala tangu usiku, aspirini wameniachisha, damu wamepima kama inaganda sawasawa. Wakanichoma ganzi, kisha "vuta pumzi, ishike, usitikisike." Kila picha ikipigwa wote wanakimbilia nyuma ya kioo, wananiacha na sindano imesimama tumboni kama nungunungu mwenye mwiba mmoja! Halafu tak! Walinionya kuhusu huo mlio, lakini ulinishtua kuliko maumivu. Mara tatu. Mshono hakuna, plasta tu, na jioni nilikuwa nyumbani, shemeji yako kanibebea mkoba kama nimejifungua.

Sasa nimesubiri simu siku tisa, naambiwa kinyama hakikutosha. Si kwamba ninayo saratani, si kwamba sina. Hakikutosha! Daktari anasema hutokea, sindano ikiangukia kwenye kovu seli zenyewe zinakosekana. Anataka turudie kwa njia ya mdomo: mpira wenye ultrasaundi nchani ushuke mpaka tumboni, sindano itoboe ukuta wa mfuko wa chakula, kongosho si liko hapo nyuma yake. Nitapewa dawa ya usingizi. Naona ina mantiki, njia ni fupi. Alichonitahadharisha ni damu kuvuja na kongosho lenyewe kuvimba kwa kuchokozwa, ingawa si kwa wengi.

Akaongeza kwamba kuna kongosho linalovimba kwa sababu kinga ya mwili inalishambulia, pichani likafanana na saratani, nalo hutulizwa kwa dawa za steroidi. Nimeling'ang'ania neno hilo usiku kucha, mpaka nikajicheka. Mama mdogo yeye ameshaanza kuniombea kwa sauti ya msibani, nimemwambia apumzike kwanza.

Hakikutosha. Hata mtihani hurudishwa na alama.

Wewe uliyefanya zamu za endoskopi, kwenye hiyo mipira ya kutazamia tumboni, miaka yote hiyo, niambie. Huwa kuna mtu wa kutazama seli kwa hadubini palepale, ijulikane zimetosha kabla mpira haujatolewa? Niombe, au nitaonekana najua sana? Koo litauma siku ngapi? Ungekuwa wewe, ungerudia, au ungewaambia wakate mkia wote yaishe? Na Alhamisi utapata ruhusa uje ukae nami? Shemeji yako akiona sindano anazimia yeye.

Ni mimi mwenzio