Barua ya wazi kwa vijana wa viwanda vya nguo

Wanangu,

Jumamosi jioni nilimkuta mjukuu wangu kwenye meza ya mitumba, kashika shati, anapapasa mfuko wa kifuani. Nikamwuliza, unalinunua? "Hapana babu, naangalia tu mfuko." Huu ni mwaka wake wa tatu kiwandani, na anashona mfuko. Mfuko tu. Kola ina mtu wake, mikono ina mtu wake, na shati likikamilika linaingia kontena kwenda Marekani yeye hajaliona. Mama yake anasema usiku vidole vinasukuma shuka kama kitambaa chini ya sindano.

Nimeshona barazani miaka 42. Mgongo unaniuma mpaka leo. Lakini nilimpima mtu kwa futi kamba, nikakata, nikashona, na siku ya Idi nikamwona kavaa kanzu yangu. Nilichoka, ila nililala usingizi. Huyu binti anarudi hasemi, hali, akiguswa analia, na majirani wanasema kalogwa. Hakulogwa! Kazi isiyomwachia mtu uamuzi wowote inamla. Huko London waliwafuatilia watumishi wa serikali kuanzia 1985, wakaona wasio na kauli juu ya kazi zao ndio wanaougua moyo zaidi. Hao ni watu wa ofisini, sembuse nyie.

Halafu hili la kujinyima maji tangu asubuhi ili msiombe ruhusa ya choo, idadi itimie. Kila mara mnanunua dawa za UTI. Nani kawaambia kibofu chako ni mali ya msimamizi? Kunyweni maji, mama zangu. Nendeni chooni.

Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 ipo: saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, mapumziko ya dakika 60 ukizidisha saa 5 mfululizo, ovataimu kwa makubaliano, likizo siku 28. Jiungeni na chama cha wafanyakazi. Siku ya mapumziko msiiuze.

Nasi wazazi tuna dhambi yetu. Mtoto akifungua mdomo tu, tunamkata: "Shukuru una kazi." Tumewafunga midomo kabla ya tajiri kuwafunga.

Wenye viwanda, mbadilishieni mtu kazi, leo mfuko, kesho kola. Tundikeni shati zima mbele ya laini walione.

Na wewe mjukuu wangu, Jumapili njoo barazani. Kitambaa nimeshanunua, mita mbili na nusu. Utapima, utakata, utashona mwenyewe mpaka kifungo cha mwisho, na shati nitavaa mimi.

Babu yenu, fundi cherehani mstaafu