Samaki wa Tarehe 3 Oktoba

Leiden, Uholanzi, 4 Oktoba

Shikamoo Mama,

Sisi huku wazima, ila baridi imeanza kubisha hodi. Haya ya jana sikutaka kukueleza kwa simu. Nimeona niyaandike, Mwanaidi akusomee taratibu pale barazani.

Jana asubuhi na mapema nilipanga foleni pale Waag, nyumba ya zamani ya kupimia mizigo, nikingoja nigawiwe samaki na mkate. Usishtuke, sina njaa. Kila tarehe 3 Oktoba wakazi wa Leiden waliojiandikisha hupewa haring na mkate mweupe, kwa kuwa ndicho chakula kilichoingia mjini siku hiyo mwaka 1574, watu wakiwa hoi kwa njaa. Haring ana umbo la dagaa, lakini amekua, anazidi kiganja. Hapikwi wala hakaangwi. Hutolewa matumbo, akakolezwa chumvi, basi. Nilipomtia mdomoni nilikumbuka ng'onda wako, Mama, nikala nimefumba macho.

Zama hizo Waholanzi walikuwa wamemwasi Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania, na jeshi lake likauzingira mji huu miezi kwa miezi. Nafaka ikaisha. Wakala mbwa, wakala paka na panya, na tauni nayo ikaingia. Walikufa maelfu. Fedha ilipoadimika, walichana kurasa za vitabu vya kanisani, wakazigandamiza na kuzipiga chapa, zikawa sarafu za karatasi. Habari za nje waliletewa na njiwa.

Jambo ninalolifikiria zaidi ni maji. Watu hawa kazi yao tangu enzi ni kuyazuia yasiwafunike, maana karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari. Mwezi wa Agosti mwaka ule, kiongozi wao Willem wa Orange akaamuru matuta yavunjwe, maji yaingie mashambani ili mashua za kitako bapa zipite juu ya malisho na kuufikia mji. Fikiria mkulima anayetazama shamba lake likizama kwa mikono ya watu wake mwenyewe! Na hata hivyo maji hayakutosha. Mashua zikakwama majuma kadhaa, na waliozingirwa wakiendelea kuzika. Mpaka mwanzo wa Oktoba, upepo ulipogeuka na kuvuma kwa nguvu, bahari ikasukumwa bara. Wewe mtoto wa pwani huhitaji kuelezwa upepo ukiamua hufanya nini. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Wahispania wakakimbia.

Mwaka uliofuata Willem akaupa mji chuo kikuu. Ndicho hiki ninachopita mbele yake kila siku, na humo Kiswahili kinafundishwa. Siku ya kwanza nilipowasikia vijana wa Kizungu wakinyambua vitenzi kwenye ngazi, nilisimama nikawasikiliza mpaka wakapotea. Rembrandt naye, yule mchoraji ambaye watalii humfuata Amsterdam, alizaliwa hapa mwaka 1606, mtoto wa msaga nafaka, miaka 32 tu baada ya njaa ile.

Jioni jirani yangu wa chini, bibi mtu mzima sana, aliniita tupike hutspot. Husimuliwa kwamba kijana mmoja aliingia kambi ya Wahispania asubuhi ile, akaikuta tupu, na chungu cha mchuzi kimeachwa, ndiyo asili ya chakula hiki. Chungu kinachosemekana ndicho chenyewe kimewekwa makumbusho ya Lakenhal. Bibi huchemsha karoti, vitunguu na viazi mpaka vilainike kabisa, kisha huviponda kwa chuma chenye matundu, mikono yake ikitetemeka lakini hataki kusaidiwa. Inakuwa rojo zito la rangi ya chungwa, juu yake nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwa muda wa saa tatu. Zamani viazi havikuwamo, kwa kuwa huku vilikuwa havijazoeleka.

Tukiwa tunakula akanyamaza, halafu akaniambia kuwa katika baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani walipozuia chakula kufika magharibi ya nchi hii, mama yake aliwapikia vitunguu vya maua ya tulipu. Alikuwa mdogo, lakini ladha yake hajaisahau. Akaniuliza, "Kwenu je? Mama yako alikula nini?"

Nikamweleza habari ya ule unga wa njano mliouita Yanga, na foleni za sukari. Akauliza ugali wake ulikuwaje, mliula na nini, nikashindwa kumjibu. Mama, nimekula mkononi mwako miaka yote ile na hili sikuwahi kukuuliza.

Kwa hiyo ukipata nafasi, mwambie Mwanaidi akae na kalamu, umsimulie: mlikuwa mnaamka saa ngapi kwenda foleni, nani alikuwa anashika nafasi, na huo unga mliusonga vipi hata Babu akakubali kuula. Bibi anasubiri majibu, na mimi zaidi yake.

Nisalimie wote, na majirani.

Mwanao akupendaye.