Tembe la Kwihara lisipigwe simenti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee tembe la Livingstone, yule mpelelezi Mskoti wa karne ya 19, ambalo sasa ni makumbusho pale Kwihara, kama kilomita 6 hivi kutoka Tabora mjini. Kila nikisikia watu wanaongelea kukarabati makumbusho za mkoa wetu ili wageni waje, roho inanidunda, maana huku kwetu ukisema ukarabati fundi anaelewa simenti, vigae na rangi nyeupe basi.

Mwezi wa 10 mwaka jana nilimpeleka pale mtoto wa dada yangu, yuko darasa la 5, tukaenda na bodaboda saa saba mchana na jua la Tabora la mwezi huo mnalijua wenyewe. Tulivyoingia tu ndani mtoto akasimama, akaweka kiganja ukutani, akaniuliza, "Mjomba, humu wameweka AC?" Hakuna AC yoyote, ni udongo. Kuta nene za udongo na paa bapa, ndo tembe hilo, na wazee wetu walijua wanachofanya.

Sasa kwanini naogopa simenti. Nyumba ya bibi yangu kijijini ilikua ya udongo, sisi wajukuu tukachanga hela tukaita fundi akaipiga plasta ya simenti nje kote, ikapendeza kweli na bibi akafurahi. Mvua za mwaka wa pili ukiigonga ile plasta inalia kama debe tupu, halafu siku moja usiku lipande zima likabanduka likaanguka, asubuhi tunaangalia nyuma yake udongo umekua uji na mchwa wamejenga njia mpaka kwenye kenchi. Bibi akasema mmeiziba pumzi. Na ni kweli kabisa, ukuta wa udongo unanyonya maji kutoka chini na mvua ikikata unayatoa taratibu, ukiufunika na simenti yale maji hayana pa kutokea yanabaki humo humo yanaula.

Nyumba ya udongo inataka kuguswa kila mwaka mvua zikiisha. Udongo wa kichuguu, nyasi zilizokatwa katwa, unaloweka unauacha ulale siku kadhaa, unaukanyaga kwa miguu mpaka ushikane, ndo unakandika. Wazee wanaojua kazi hii bado wapo vijijini, waitwe na walipwe kama fundi mwingine yeyote, na vijana wa ufundi wakae nao wajifunze kabla hawajaondoka nayo. Tenda ikiandikwa iseme hivyo waziwazi, isiachwe kwa mkandarasi aamue mwenyewe akifika saiti.

Halafu kuna habari ya ndani ya nyumba. Wengi tunajua Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, wakaja wote mpaka hapa Februari 1872, mwezi wa 3 Stanley akaondoka kwenda pwani na mzee akabaki Kwihara mpaka Agosti anasubiri wapagazi. Miezi mitano! Hakuweza kutoka bila mabega ya watu. Wanyamwezi ndo walikua wanasifika njia nzima kwa kazi hiyo, mtu anabeba mtumba wa karibu kilo 30 mpaka Bagamoyo. Mimi nataka mtumba wa namna hiyo uwekwe pale, uzito ule ule, mtoto wa shule aunyanyue mwenyewe aujue.

Na kuna jambo ambalo binafsi naliona kubwa kuliko yote yaliyotokea pale. Livingstone alifariki kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873, na watumishi wake Susi na Chuma na wenzao wakaubeba mwili kwa miguu. Oktoba walifika hapa Unyanyembe, ndo eneo letu hili la Tabora, wakamkuta Mwingereza Cameron, akawashauri wamzike huku huku njia ni mbaya. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji wakazuia maiti isipite, akina Susi wakaufunga upya ule mwili ufanane na mtumba wa vitambaa, wakapita nao hadi Bagamoyo, na Aprili 1874 ukazikwa London. Uamuzi ule waliufanyia hapa hapa kwetu. Naomba ukarabati ukija chumba kimoja kizima kiwe cha hao watu, majina yao makubwa ukutani, na maelezo kwa Kiswahili kwanza.

Watemi Mirambo na Isike nao wana mengi ila barua itakua ndefu, nitaandika siku nyingine mkiniruhusu.

La mwisho, huku mvua zinaanza mwezi wa 11, kwahiyo yeyote atakayepewa kazi ya lile paa asilifungue Oktoba, aanze mwezi wa 6 udongo upate kukauka.

Ni mimi msomaji wenu,
Tabora